Mkanda wa jeli wa shingoni: hauvimbi, haupozi, unapasuka

Kwa anayeshinda juani huku kusini mwa Tanzania, awe dereva wa bodaboda, mchukuzi wa ghala la korosho, mvuna chumvi au saidia fundi, mkanda wa shingo wenye punje za jeli ni msaada wa kweli. Unauloweka, unavimba, unaufunga shingoni, na kwa saa kadhaa unapata nafuu. Siku ukigoma, wengi huutupa na kusema wameuziwa feki. Mimi hushona mikanda hii na kuikarabati, na mingi inayoletwa kwangu ikidaiwa kufa ni mizima. Kasoro iko kwenye maji ya kulowekea au kwenye hewa ya mahali unapovaliwa, na vyote viwili mtu anaweza kuvipima nyumbani kwake.

Kuna jambo la kushika kwanza. Punje hazitoi baridi. Kazi yake ni kutunza maji. Kinachopoza ni maji hayo yanapokauka juu ya kitambaa na kuondoka na joto, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji yake kwa kutoa jasho ubavuni. Lita moja ya maji ikikauka hubeba joto la kilojuli 2,400 hivi, zaidi ya mara saba ya joto linalotosha kuyeyusha kilo moja ya barafu. Ndiyo maana kitu chepesi namna hii kinaweza kufanya kazi kubwa. Na ndiyo maana mkanda ukigoma maswali ni mawili tu: maji yameingia? Maji yanatoka? Punje zisizovimba ni tatizo la kuingia. Mkanda ulionona lakini hauna ubaridi ni tatizo la kutoka.

Punje zenyewe ni polima, minyororo mirefu ya molekuli iliyofungamanishwa hapa na pale, hivyo hunyonya maji bila kuyeyuka. Utakutana na aina mbili. Kuna poliakrilati ya sodiamu, ule unga mweupe ulio ndani ya pampasi. Na kuna punje ngumu za ukubwa wa chumvi ya mawe, za poliakrilamidi au poliakrilati ya potasiamu, ambazo wakulima huchanganya na udongo ili miche isikauke upesi. Mkanda mzuri hutumia hizi za pili. Asili ya vitu hivi nayo ni ya kilimo: miaka ya 1970 watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani, mjini Peoria, Illinois, walitengeneza kutokana na wanga wa mahindi kitu kilichonyonya maji mara mamia ya uzito wake. Aliyewahi kupanda miche ya mikorosho kisha mvua ikakata anaelewa walikuwa wanatafuta nini.

Punje hazivimbi, au zinavimba nusu

Pwani hili ndilo linaloongoza, na mshtakiwa wa kwanza ni maji.

Chukua glasi mbili zinazolingana. Kila moja itie robo kijiko cha chai cha punje kavu. Moja ijaze maji unayotumia siku zote, ya pili maji ya mvua uliyoyakinga, lakini si yale ya mwanzo yaliyoosha vumbi la bati. Funika, acha saa nne. Kisha mimina kila glasi kwenye chujio la chai na ulinganishe jeli iliyobaki. Ya maji ya mvua ikiwa mara mbili au tatu ya mwenzake, punje zako hazina neno. Kisima ndicho chenye shida. Zikilingana na zote zikawa kidogo, punje ndizo zimechoka. Zikilingana na zote zikawa nyingi, rudi kwenye kitambaa: pengine mfuko umeshonwa mwembamba na punje hazina pa kutanukia.

Kwa nini maji ya kisima yaharibu? Kwenye minyororo ya polima kuna chaji hasi nyingi zinazosukumana. Kusukumana huko ndiko kunakotanua punje na kuvuta maji ndani. Maji yakiwa na chumvi, chaji chanya za chumvi huzizingira zile hasi na msukumano hufifia. Tena maji ya nje, kwa kuwa yamebeba chumvi yake, hayavutiki kuingia kwa nguvu ileile. Poliakrilati ya sodiamu inayobeba maji mamia ya mara ya uzito wake kwenye maji safi hushuka hadi kati ya mara 30 na 60 kwenye maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, ambayo ni chumvi ya dripu ya hospitali. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi kwa lita. Visima vifupi vilivyo jirani na bahari, kuanzia Msimbati na Mikindani hadi Kilwa Masoko, vinaweza kuwa popote kati ya maji matamu na maji ya bahari, na hubadilika kati ya masika na kiangazi. Mkanda uliovimba vizuri Aprili unaweza kukataa Oktoba katika kisima kilekile.

Chokaa ni adui mbaya kuliko chumvi, kwa sababu madhara yake hubaki. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekalia mawe ya matumbawe, na maji yanayopita humo huokota kalsiamu. Chaji ya kalsiamu ni mbili, kwa hiyo chembe moja hushika minyororo miwili kwa mpigo na kuifunga pamoja. Kila ukiloweka, vifungo vinaongezeka, hadi punje inabaki kama kokoto laini. Dalili za chokaa unazijua bila mtaalamu: sabuni ya mche inagoma kutoa povu, na birika lina ukoko mweupe ndani.

Dawa ni kubadili maji ya kulowekea. Ya mvua ndiyo bora, na wakazi wa Newala na Tandahimba, walikozoea kuvuna mvua kwa sababu maji ya uwanda wa Makonde yako mbali chini ya mabonde, wako mbele ya watu wa pwani kwa hili. Ukiwa mjini na mvua hakuna, weka dumu chini ya bomba la kiyoyozi cha ofisi au duka. Maji yale ni mvuke wa hewa uliogeuka maji, hayana chumvi wala chokaa. Ya kulowekea tu, si ya kunywa. Kuchemsha maji ya kisima husaidia kidogo kwa chokaa, kwani sehemu yake hutuama kama ukoko chini ya sufuria, lakini chumvi hubaki yote na hata huzidi ukali maji yakipungua.

Punje zilizolowekwa maji ya chumvi hurudi. Zisuuze kwa maji ya mvua, zimwage maji, ziloweke upya, urudie mara tatu nne. Zilizoshikwa na chokaa hurudi kidogo tu, nyingine hazirudi kabisa, na hapo ni kubadilisha.

Kuna na chumvi inayotoka kwako mwenyewe. Jasho ni maji ya chumvi, na mkanda unalinyonya siku nzima. Hata anayeloweka kwa maji ya mvua ataona mkanda unapungua unene wiki baada ya wiki. Suuza kila jioni. Loweka hata dakika kumi kwenye maji safi, kamua kwa viganja bila kusokota, anika.

Kabla hujalaumu maji, hakikisha pia umesubiri. Unga wa pampasi huvimba kwa dakika chache. Punje kubwa huhitaji saa kadhaa, na zile kubwa kabisa ziache zilale usiku mzima. Na hakikisha ulichonunua ndicho. Vile vishanga vya pakiti ndogo zinazokuja ndani ya viatu na mikoba ni silika jeli, kitu kingine kabisa: hunyonya mvuke wa hewa, hakivimbi, hakigeuki jeli hata ukikiloweka mwezi. Vile vya buluu hata usivikaribishe kwenye ngozi, kwani rangi yake kwa kawaida hutokana na kloridi ya kobalti, ambayo ni sumu.

Umevimba vizuri lakini haupozi

Hapa ndipo lawama huwa nyingi na uelewa mdogo, kwa hiyo nitakaa hapa.

Maji hukauka haraka kulingana na nafasi iliyobaki hewani. Hewa ikiwa imeshiba unyevu, maji ya mkandani hayana pa kwenda. Chukua mchana wa nyuzi 32 za Selsiasi. Unyevu wa hewa ukiwa asilimia 50, kitambaa kilicholowa kivulini penye upepo kinaweza kushuka hadi nyuzi 24 hivi. Nyuzi za hewa zikiwa zilezile 32 lakini unyevu ukawa asilimia 80, kitambaa hakishuki chini ya 29. Ngozi ya shingo huwa kati ya nyuzi 33 na 35. Mchana wa kwanza unapata tofauti ya nyuzi kumi, unasema mkanda huu ni mali. Mchana wa pili tofauti ni nyuzi tano tu, unasema umeibiwa. Mkanda ni uleule.

Ndiyo maana mkanda uliosifiwa Masasi au Nachingwea mwezi Oktoba, bara kwenye joto kavu kabla ya mvua, unaletwa Mtwara mjini Februari unaonekana hauna maana. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikivuma, tuseme Juni hadi Septemba, hewa ina afadhali na upepo haukosekani. Mkanda hufanya kazi. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikishika na mvua zikaanza, fukuto linakaa juu ya mji na mkanda unachoka. Hata ndani ya siku moja kuna tofauti: saa 2 asubuhi unyevu huwa juu, saa 8 mchana huwa umeshuka ingawa joto limepanda. Aliyeujaribu asubuhi akaukataa ampe mkanda nafasi ya pili mchana.

Kipimo chake ni rahisi. Tafuta kipimajoto cha chumba, kile cha ukutani, kwa sababu cha kupimia homa kwa kawaida hakisomi joto la chini hivyo. Soma nyuzi kivulini. Kisha zungushia ncha yake pamba iliyolowa maji, pepea kwa ungo au kipande cha boksi kwa dakika tano, usome tena bila kuacha kupepea. Namba hiyo ya pili ndiyo ubaridi wa mwisho ambao mkanda wowote wa maji, uwe wa bei gani, unaweza kufikia mahali hapo saa hiyo. Ikiwa 24 au 25, na mkanda wako bado hauna ubaridi, kuna kosa la kurekebisha. Ikiwa 29, usiulaumu mkanda.

Makosa ya kurekebisha ni haya. Mkanda umefunikwa: umevaliwa ndani ya kola ya jaketi, chini ya mtandio, au umebanwa na helmeti, na mvuke hautoki. Dereva wa bodaboda afungue kola na auache mkanda upigwe na upepo. Akiwa mwendoni ndipo unapopoza zaidi, akisimama kijiweni unapungua, na hiyo ni kawaida. Kitambaa ni cha nailoni nzito au kina utando wa plastiki: jeli imejaa ndani, nje kukavu. Gusa uso wa nje wa mkanda. Ukiwa mkavu wakati ndani kumejaa, kitambaa ndicho kimezuia, na hakuna dawa ila kushona upya kwa pamba. Mkanda umenona kupita kiasi hadi umekuwa mviringo: uso wa kukaushia ni mdogo kuliko maji uliyobeba. Uliolala bapa na kuenea shingoni hushinda ulio mnene. Mwisho, upande unaogusa ngozi hupata joto la mwili haraka, kwa hiyo ugeuze kila unapokumbuka.

Siku za fukuto zito kuna njia ya pembeni: loweka kwa maji baridi ya mtungi, au weka mkanda uliolowa ndani ya friji, sehemu ya chini. Utaupata ubaridi wa kugusana hata hewa ikiwa imeshiba. Lakini jua kipimo chake. Robo lita ya maji ikipanda kutoka nyuzi 10 hadi 33 hunyonya kilojuli 24 tu, sawa na gramu 10 za maji zikikauka. Utaisha mapema. Usiuweke kwenye friza ukaufunga shingoni ukiwa barafu. Ngozi huungua kwa baridi kama inavyoungua kwa moto.

Na niseme hili kwa uzito wote, kwa sababu najua wachukuzi wanavyofanya kazi msimu wa korosho ukipamba moto. Mkanda ni wa kukupa nafuu, haukupi ruhusa ya kuendelea. Ukipoteza gramu 30 za maji kwa saa, umeondoa joto kwa kasi ya wati 20 hivi, na sehemu ya joto hilo imetoka hewani, si mwilini mwako. Mtu anayepakia magunia hutengeneza mamia ya wati. Shingo inaweza kuhisi baridi huku mwili ukizidi kuchemka ndani. Maji ya kunywa, kivuli na kupumzika havina mbadala. Mwenzako akianza kuchanganyikiwa, kuongea visivyoeleweka, kuyumba au kuanguka, chukulia kuwa ni kiharusi cha joto, hali ambayo joto la ndani laweza kufika nyuzi 40 na kupita. Mtoe juani, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, na usafiri wa hospitali utafutwe wakati huohuo. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Mkanda unatiririsha maji shingoni

Kama umetoka tu kwenye beseni, ni maji ya juu juu. Ufute kwa taulo. Ukianza kuvuja baadaye, ukiwa umeshavaliwa, tafuta chumvi. Jeli iliyoshiba maji matamu ikirukiwa na maji ya chumvi huyatema maji yake. Wanaovuna chumvi huliona hili zaidi: mikono yenye chumvi ikiukamata mkanda kuurekebisha, mkanda unalia. Shika kwa ncha zisizo na punje.

Mshono unapasuka, jeli inamwagika

Punje zimezidi. Mkono hauamini kwamba kitu kidogo hivi kinatosha, unaongeza, kisha mkanda unapasuka usiku kwenye beseni.

Piga hesabu kabla ya kujaza. Kijiko cha chai cha kusawazisha kina gramu 4 hivi za punje. Zikinywa mara 150 ya uzito wake, unapata mililita 600 za jeli. Mkanda wenye upana wa sentimita 5 ukiwa bapa, na sehemu ya punje yenye urefu wa sentimita 50, haubebi zaidi ya mililita 400 hata ukitanuka hadi kuwa mviringo. Kijiko kizima hakiingii. Nusu kijiko kinatosha mkanda mzima, na utabaki bapa kama unavyotakiwa.

Kuna mtego mwingine hapa, na unatoka kwenye maji yaleyale ya mwanzo. Mkanda ukijazwa na kupimwa kwa maji ya chumvichumvi ya pwani, fundi ataona kijiko kizima kinakaa vizuri. Mkanda huo ukipelekwa kwa ndugu aliyeko Newala akauloweka maji ya mvua, punje zinakunywa mara kadhaa zaidi na mshono unaachia. Kwa hiyo, fundi mwenzangu, pima kila mara kwa maji ya mvua au ya kiyoyozi, hata kama mteja wako ni wa Shangani, hapa pwani Mtwara mjini.

Kukarabati uliopasuka usihangaike kukamua jeli kwa vidole. Inateleza na haiishi. Koroga kijiko cha chakula cha chumvi ya kawaida kwenye nusu lita ya maji, tumbukiza mkanda, acha saa moja au mbili. Chumvi iliyokuwa adui sasa ni msaidizi: jeli inanywea, unaipunguza na kuigawa kwa urahisi. Ukimaliza suuza kwa maji ya mvua hadi punje ziamke tena.

Ukishona upya, gawa mkanda vyumba vinne ili jeli isikimbilie mwisho mmoja, piga mshono mara mbili kwa hatua fupi, na tumia uzi wa poliesta. Uzi wa pamba ukikaa umelowa huoza.

Utelezi unatokeza nje ya kitambaa

Ukipitisha kidole unahisi ute. Chanzo cha kwanza ni unga mwembamba. Wapo wanaochana pampasi na kutumia kilicho ndani. Unavimba kweli, tena haraka, lakini chembe zake ni ndogo kiasi cha kupenya kitambaa, zimechanganyika na nyuzi za karatasi, na vumbi lake halifai kuvutwa puani. Sikushauri.

Chanzo cha pili ni punje zilizochakaa. Jua kali hukata minyororo ya polima. Mkanda unaoanikwa kila siku juu ya bati la Lindi unaisha kabla ya wakati wake. Jiki nayo hukata, na kwa kasi zaidi. Punje ikishaanza kuwa ute badala ya vipande vinavyoshikika, imefika mwisho. Ya tatu ni kitambaa kilichofumwa kwa kulegea. Kishike mbele ya dirisha: ukiona mwanga kupitia matundu, tafuta kilichobana zaidi, kama cha shuka nzito ya pamba.

Unanuka uvundo

Punje hazinuki. Kinachonuka ni jasho, mafuta ya ngozi na vijidudu vinavyoshiba humo kwa sababu mkanda haukukauka. Kosa kubwa ni kuufungia kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti cha pikipiki hadi kesho.

Ufue kwa sabuni laini kidogo na maji ya mvua, usuuze sana. Usitie jiki kwa sababu niliyoitaja. Usiuloweke kwenye siki wala maji ya limau ukidhani unaua harufu: tindikali huzima zile chaji hasi na punje zinanywea. Ikiwa umeshafanya hivyo, kusuuza mara nyingi huzirudisha. Kisha kausha kivulini penye upepo. Kiangazi utakauka kwa siku mbili tatu. Kati ya Januari na Machi unaweza kuchukua wiki nzima na bado ukawa na ubichi ndani, kwa hiyo miezi hiyo uwe na mikanda miwili, mmoja shingoni na mmoja kwenye kamba, au uelekezee feni. Madoa meusi ya ukungu yakishaingia kwenye kitambaa, fumua, okoa punje zilizo safi, ukitupe kitambaa.

Punje zilizohifadhiwa zimeganda bonge

Zimenyonya unyevu wa hewa. Hazijaharibika. Zianike kivulini siku kavu, ziponde kwa vidole, ziweke kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana. Mfuko uliofungwa fundo hautoshi kwa hewa ya pwani.

Vipele na kuwasha shingoni

Ngozi iliyolowa kutwa hulainika, njia za jasho huziba, na vipele vya joto hutoka. Vaa kwa vipindi, ipe shingo muda wa kukauka, na usipake mafuta mazito chini ya mkanda. Angalia pia mabaki ya sabuni, na rangi ya kitambaa kipya: kitenge kisichofuliwa mara mbili tatu kabla ya kushonwa huchuja shingoni. Penye kidonda au usaha, weka mkanda pembeni uende zahanati.

Mtoto amemeza, au jeli imeingia kwenye bomba

Punje kavu na vile vishanga vya maji vya rangi rangi vya mapambo huvutia watoto kama peremende. Vikimezwa huendelea kuvimba tumboni, na vishanga vikubwa vinaweza kuziba utumbo. Usimtapishe mtoto, usisubiri dalili. Mpeleke kituo cha afya na ubebe sampuli ya alichomeza, ikiwezekana na pakiti yake. Akitapika, tumbo likivimba au akishindwa kupata choo, mwambie daktari wazi kwamba kitu hicho huvimba kwenye maji. Chupa ya punje ikae juu, pamoja na mafuta ya taa na dawa.

Jeli isimwagwe kwenye sinki wala choo cha kuvuta. Itaendelea kunywa maji ndani ya bomba. Ikishaingia, mimina maji yenye chumvi nyingi, subiri inywee, ndipo usukume kwa maji mengi. Jeli iliyomwagika sakafuni huteleza vibaya. Inyunyizie chumvi kwanza, uifagie ikishanywea.

Punje zilizochoka za potasiamu au poliakrilamidi, zikisuuzwa chumvi, unaweza kuzifukia kwenye shimo la maua. Unga wa pampasi usiutie shambani, kwa kuwa sodiamu yake si rafiki wa udongo. Ukaushe na uutupe na taka. Na unapokwenda kununua nyingine, muulize muuzaji ni za sodiamu au za potasiamu. Asipojua, mwombe chembe chache tu, nenda nazo nyumbani, zitie kwenye glasi ya maji ya mvua usiku mmoja, ndipo urudi na pesa.